Sombe, lengalenga na mawese: historia ya mboga za majani Masisi na Walikale

Masisi na Walikale ni teritwari mbili za Kivu Kaskazini zinazopakana, lakini mboga zao hazifanani. Masisi iko juu: ni nchi ya vilima, baridi ya asubuhi na udongo mweusi wa volkano, yenye eneo la kilomita za mraba 4,700 hivi, na sehemu yake kubwa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Walikale ni kubwa karibu mara tano, zaidi ya kilomita za mraba 23,000, nayo huteremka kuelekea magharibi hadi chini ya mita 1,000, ndani ya msitu wa mvua unaopitiwa na mto Lowa. Mchikichi hustawi Walikale, ila kwenye vilima vya Masisi hauzai kitu cha maana. Kabeji hufunga vizuri Masisi, ila joto na unyevu wa Walikale huiozesha kabla haijafunga. Ndiyo maana chungu cha mboga katika nchi hii hakijawahi kujitosheleza: jani likitoka shamba la nyuma ya nyumba, mafuta yametoka safari ya siku kadhaa.

Kati ya mboga za majani, spinachi, ambayo wataalamu wa mimea huiita Spinacia oleracea, ni mgeni hapa. Asili yake ni Uajemi. Kumbukumbu za China zinasema ilifika huko mwaka 647 ikiwa zawadi kutoka Nepal, na katika karne ya 12 mtaalamu wa kilimo wa Andalusia, Ibn al-Awwam, aliipa cheo cha mkuu wa mboga za majani. Huku Kivu ilikuja na walowezi na wamisionari wa Kizungu, ikakaa katika bustani zao pamoja na karoti, kabeji na pwaro, yaani liki. Nje ya bustani hizo haikuenda mbali, kwa kuwa haipendi joto. Ikilipata hukimbilia kutoa maua na mbegu kabla majani hayajanenepa. Hata Nairobi, mboga inayouzwa sokoni kwa jina la spinachi kwa kawaida si hiyo ya Uajemi, bali ni ndugu wa kiazisukari, mwenye majani mapana na vikonyo vinene vyeupe.

Kazi ya spinachi katika Kivu hufanywa na lengalenga, mboga ambayo Tanzania huitwa mchicha na Kinshasa bitekuteku. Mimea hii miwili ni ya ukoo mmoja, na ikiwekwa kwenye mizani tofauti yake ni ndogo. Gramu 100 za majani mabichi, ya spinachi au ya lengalenga, hutoa kalori 23 hivi na wanga usiozidi gramu 4, ambao kiasi chake kikubwa ni nyuzinyuzi zisizogeuka sukari mwilini. Spinachi inaizidi lengalenga kwa folati, vitamini inayohitajiwa sana na mama mjamzito. Lengalenga inaizidi spinachi kwa kalsiamu, zaidi ya mara mbili, na kwa vitamini C. Madini ya chuma yanakaribiana: miligramu 2.7 kwa spinachi, 2.3 kwa lengalenga. Sifa kubwa ya spinachi kuhusu chuma ilikuzwa kupita kiasi katika nchi za Magharibi, na hata kisa kinachosimuliwa sana, kwamba mwanasayansi mmoja wa Ujerumani alikosea kuweka nukta ya desimali, chenyewe hakina ushahidi. Chuma cha majani hufyonzwa kwa shida kuliko cha nyama. Nyanya, ndimu au pilipili mbichi katika chungu kilekile husaidia, kwa sababu ya vitamini C.

Kabla ya muhogo kufika, mboga za Walikale zilikuwa za aina mbili: zile zilizochumwa msituni na zile zilizojiotea penye watu. Wanyanga, ambao ndio kabila kubwa la teritwari hiyo, walikuwa watu wa ndizi, mitego na mawindo. Chakula kikuu kilikuwa makemba, yaani ndizi za kupika, na heshima ya mgomba inaonekana hata katika utendi wa Mwindo. Daniel Biebuyck, mtaalamu wa utamaduni kutoka Ubelgiji, aliuandika utendi huo mwaka 1956 kutoka kwa msimulizi Candi Rureke, akauchapisha mwaka 1969 pamoja na Kahombo Mateene. Mwindo anaposhuka kuzimu kwa Muisa, mtihani mmojawapo anaopewa ni kulima shamba la migomba na kulivuna kwa siku moja. Mboga hazipati nafasi ya namna hiyo. Katika jamii za wawindaji nyama huimbwa, na jani hupikwa bila kuimbwa, ingawa siku ambazo mtego haukushika kitu zilikuwa nyingi kuliko siku ulizoshika.

Mashamba ya msituni yalifunguliwa kwa kukata miti na kuchoma. Majivu yalirutubisha udongo kwa misimu miwili au mitatu, na juu ya majivu hayo zikachipua mboga ambazo hakuna aliyezipanda: lengalenga, mnavu, na nderema inayopanda juu ya visiki. Majani ya maboga yalichumwa machanga, yakamenywa nyuzi zake za nje kabla ya kupikwa. Majivu yalikuwa na kazi ya pili. Pale ambapo chumvi ya madini haikufika, au ilifika kwa bei isiyoshikika, watu walichoma mimea fulani ya majini na maganda ya ndizi, wakachuja maji juu ya majivu yake na kuyachemsha hadi yabaki mabaki ya chumvi. Chumvi hiyo ina potasiamu nyingi kuliko ile ya bahari, na kwa kuwa ina asili ya magadi hulainisha majani magumu upesi. Hasara yake ni kwamba maji yenye chumvi hiyo huharibu sehemu ya vitamini C.

Juu Masisi, kwa Wahunde, picha ilikuwa nyingine. Huko jani lilifuata maharage na mazao ya mizizi. Mharage huliwa mara mbili, kwanza majani machanga kisha mbegu, na mpishi mzuri anajua kuchuma bila kuunyima mmea nguvu ya kuzaa. Lengalenga nayo iliota kando ya zizi na penye jalala la nyumba, udongo ulipokuwa na mbolea. Jambo hilo lina upande wake mbaya, maana lengalenga iliyokulia penye samadi nyingi na mvua kidogo hukusanya naitreti, na wazee wengi wana desturi ya kumwaga maji ya kwanza ya kuchemshia. Desturi hiyo hupunguza pia oksalati, ambazo ndizo zinazoleta ukakasi mdomoni na kuzuia kalsiamu isifyonzwe.

Muhogo uliletwa Afrika na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16, ukaanzia mdomo wa mto Kongo na kupanda polepole kuelekea ndani. Wasafiri waliopita Manyema, magharibi ya Walikale, katika miaka ya 1870 waliukuta tayari umelimwa. Wakati huo Nyangwe na Kasongo zilikuwa miji ya wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili, na misafara ya wafuasi wao, walioitwa Wangwana, ilikuwa ikipenya kaskazini na mashariki kutafuta pembe na watumwa, hadi bonde la Lowa. Njia hizo za vilio ndizo zilizoingiza Kiswahili katika nchi ya Wanyanga na Wakano, na mpunga katika mashamba ya Manyema. Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen, akitoka pwani ya Afrika Mashariki, aliliona Ziwa Kivu, akapanda Nyiragongo, kisha akakata msitu kuelekea magharibi hadi mto Kongo. Alipita katika nchi ambayo tayari ilikuwa imetikiswa na misafara hiyo.

Jani la muhogo lina majina mengi, na kila jina linaonyesha mkondo wa lugha. Tanzania ni kisamvu. Wasemaji wa Lingala husema pondu, na magharibi ya Kongo husikika pia saka-saka. Katika Kivu ni sombe, na Rwanda na Burundi wana isombe. Mtu wa Goma akimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba amekula sombe, mwenzake anaweza asielewe, hali wote wawili wamelelewa na jani hilohilo.

Jani hilo lina sumu, na hapa ndipo ufundi wa mpishi unapoanza. Ndani ya seli za muhogo mna kemikali iitwayo linamarini, na mbali nayo, katika kuta za seli, mna kimeng'enya kinachoweza kuivunja. Maadamu jani ni zima, vitu hivyo viwili havikutani. Jani likipondwa hukutana, na mwishowe hutoka sianidi ya hidrojeni, gesi inayochemka kwenye nyuzi joto 26 hivi. Maana yake ni kwamba jani lililotwangwa vizuri na kuchemshwa bila kifuniko hupoteza karibu sumu yake yote pamoja na mvuke, wakati jani lililopikwa zima linaweza kubaki nayo. Mama wa Walikale hakuhitaji kujua jina la linamarini. Alijua kwamba sombe isiyotwangwa ikalainika huleta kichefuchefu na kizunguzungu.

Wageni hawakujua, na walilipa. Msafara wa Henry Morton Stanley wa kumwokoa Emin Pasha uliacha kundi la nyuma Yambuya, kwenye mto Aruwimi, kuanzia mwaka 1887. Wapagazi wengi walikuwa Wazanzibari waliozoea muhogo mtamu wa Unguja, unaoweza kutafunwa mbichi. Muhogo wa msituni ulikuwa mchungu. Wengi walikufa kambini hapo, na Stanley alidai kwamba sababu kubwa ilikuwa muhogo ulioliwa bila kulowekwa. Alikuwa na haja ya kujitetea, maana alilaumiwa kwa kuliacha kundi hilo, lakini maelezo yake kuhusu sumu yenyewe yanaingia akilini.

Utwangaji wa sombe kama unavyofanywa hadi leo huanza shambani. Huchumwa majani machanga ya kileleni, yale ambayo bado ni laini na yana rangi ya kijani isiyokolea; ya chini huachwa, kwa kuwa yana nyuzi ngumu na kuyachuma sana hupunguza mizizi. Vikonyo hukatwa. Majani huoshwa, kisha humwagiwa maji ya moto au hupitishwa juu ya moto ili yanyauke, maana jani bichi huruka kinuni. Kinu ni gogo lililochongwa, na mchi hushikwa na mtu mmoja au wawili wanaopokezana mapigo. Vitunguu vya majani, pilipili hoho na kitunguu saumu hutiwa humohumo. Sauti hubadilika kazi inavyoendelea: mwanzoni mchi hulia kavu, kisha hulia kama unaingia katika matope, na hapo mpishi anajua imekaribia. Sombe hupikwa kwa maji peke yake saa moja hadi mbili, chungu kikiwa wazi. Mawese huja mwishoni, pamoja na biringanya, samaki mkavu au karanga zilizosagwa. Anayetia mafuta mapema hupata sombe yenye harufu nzito.

Utawala wa Kibelgiji uliyageuza haya yote kuwa jambo la serikali. Kuanzia mwaka 1917 mazao ya lazima yaliwekwa katika Kongo ya Wabelgiji, na mkulima aliyeshindwa kutimiza kiasi chake alitozwa faini au kufungwa. Chini msituni mazao yaliyotakiwa hasa yalikuwa ya biashara, na muhogo ulisukumwa mbele kama kinga ya njaa, kwa kuwa hukaa ardhini bila kuoza na hauhitaji uangalizi mwingi. Kwa mboga matokeo hayakukusudiwa na mtu: kila shamba jipya la muhogo lilikuwa pia shamba la sombe, lenye majani mwaka mzima, hata wakati wa kiangazi kifupi lengalenga inapokauka. Afisa wa kilimo alihesabu mizizi. Majani hayakuandikwa popote.

Juu Masisi mabadiliko yalikuwa ya watu na ardhi. Mwaka 1928 iliundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyopewa mamlaka ya kugawa ardhi kwa walowezi, nao wakafungua mashamba ya kahawa, pareto na chai. Wafanyakazi hawakutosha. Kati ya mwaka 1937 na 1955 Wabelgiji waliwaleta watu wapatao 85,000 kutoka Rwanda, wengi wao wakiwekwa Gishari, katika Masisi, na maeneo jirani. Wageni hao walikuja na upishi wao: isogi, yaani mgagani, mboga chungu inayotulizwa kwa maziwa au siagi, majani ya maharage, na isombe kwa waliotoka mahali pa joto. Bustani za walowezi na misheni ziliongeza kabeji, pwaro na vitunguu, kwanza kwa meza za Wazungu, baadaye kwa soko la Goma. Baada ya muda kabeji ilikuwa imekuwa mboga ya kila mtu. Haina utajiri wa vitamini A ulio katika lengalenga, lakini hukaa siku nyingi na kuvumilia safari, na sokoni sifa hiyo hushinda.

Swali la afya liliingia maabara baada ya Vita Vikuu vya Pili. Taasisi ya utafiti ya IRSAC, iliyoanzishwa mwaka 1947, ilijenga kituo chake kikubwa Lwiro, Kivu Kusini. Huko madaktari waliwachunguza watoto wenye kwashakoo, ugonjwa wa kuvimba miguu na kubadilika nywele unaompata mtoto aliyeachishwa ziwa na kulishwa uji wa wanga mtupu. Utafiti kama huo uliliweka jani mahali pake pa haki. Mzizi wa muhogo una protini ndogo mno, gramu 1 au 2 tu kwa kila gramu 100. Majani mabichi ya muhogo yana gramu 7 hivi, kiasi kikubwa kwa mboga, ingawa yana upungufu wa methionini. Methionini hiyo ndiyo mwili unayoitumia pia kuiondoa sianidi, kwa hiyo samaki mdogo katika sombe anafanya kazi mbili: anaongeza protini na anasaidia kusafisha. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wabelgiji walipandikiza katika Ziwa Kivu samaki mdogo kutoka Ziwa Tanganyika, ambaye Kivu anaitwa sambaza. Alizaliana vizuri, na leo sombe yenye sambaza inaonekana kama mapishi ya tangu enzi, kumbe umri wake ni wa miongo michache.

Watafiti wa Kibelgiji waliofanya kazi kisiwani Idjwi, katika Ziwa Kivu, miaka ya 1960 waliona jambo lingine. Rovu ilikuwa nyingi sana upande mmoja wa kisiwa kuliko mwingine, hali uhaba wa madini joto ulikuwa uleule pande zote. Maelezo waliyoyachapisha mwaka 1971 yalielekeza kidole kwa muhogo: sianidi iliyobaki hugeuzwa mwilini kuwa thiosianeti, nayo hushindana na madini joto katika tezi ya shingo. Ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu ghafla, ulikuwa umeelezwa na daktari Trolli mwaka 1938 huko Kwango, magharibi ya Kongo, nao pia huhusishwa na muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka. Katika magonjwa yote mawili lawama kubwa iko kwa unga wa mzizi, si kwa sombe. Jani hutwangwa na kuchemshwa saa nzima. Mzizi hulowekwa siku tatu au nne, na penye vita au njaa siku hizo hupunguzwa.

Mawese yana historia yake. Mafuta mekundu ya mchikichi yana karotini nyingi, miligramu 500 hadi 700 kwa kilo, na mwili huigeuza kuwa vitamini A. Majani mabichi nayo yana karotini, lakini haifyonzwi vizuri bila mafuta. Kwa hiyo sombe ya Walikale iliyotiwa mawese ni chakula kilichokamilika kwa njia ambayo spinachi iliyochemshwa kwa maji matupu haiwezi kufikia. Masisi haikuwa na mafuta hayo. Ilitegemea siagi ya ng'ombe, karanga na kile kilichopandishwa kutoka bondeni mgongoni mwa watu: madumu ya mawese yakipanda, maharage, viazi na baadaye jibini ya Masisi vikishuka. Mawese yakikaangwa hadi yapauke, kama wapishi wengine wapendavyo ili kuondoa harufu, karotini huungua pamoja na rangi.

Masoko ya mpakani yalikuwa mahali pa mabadilishano hayo, na moja kati yake limeingia historia kwa sababu nyingine. Tarehe 20 Machi 1993 watu walishambuliwa katika soko la Ntoto, Walikale, karibu na mpaka wa Masisi, na mauaji yakasambaa katika teritwari zote mbili. Mwaka uliofuata mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walivuka hadi Goma, kisha vikaja vita vya 1996 na vile vilivyofuata. Kwa mboga, vita vina tabia inayojirudia. Ng'ombe huibwa, maharage huchukuliwa ghalani, lakini muhogo hubaki ardhini na majani yake huchipua. Waliokimbilia mji wa Sake au kambi za pembeni mwa Goma walikuwa na unga wa msaada na mafuta kidogo. Jani lilitafutwa kando ya njia, mara nyingi na wanawake waliojua kwamba safari hiyo ina hatari.

Amani ilipopatikana hata kwa kipande, Masisi ilirudi kuilisha Goma. Chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali iliyoenea tangu miaka ya 1970, huteremka milima ikiwa na magunia ya kabeji na viazi, breki yake ikiwa kipande cha mpira kinachokanyagwa juu ya gurudumu la nyuma. Walikale ilikuwa na mkasa tofauti. Kuanzia mwaka 2002 hivi madini ya bati ya Bisie yalivuta maelfu ya wachimbaji ndani ya msitu mahali pasipo na barabara. Ndege ndogo zilitua juu ya kipande cha barabara ya lami huko Kilambo, zikapakia madini na kushusha bidhaa, na kutoka kijiji cha Njingala kila kilo ya chakula ilibebwa mgongoni hadi mgodini. Wachimbaji walikula wali, bugali, yaani ugali, na samaki wa chumvi. Lengalenga haikubebwa, kwa kuwa hunyauka siku hiyohiyo na mpagazi hulipwa kwa uzito. Nchi yenye majani kila upande ikawa na kambi ambamo mboga mbichi ilikuwa anasa.

Ulaji wa wanga kidogo, unaoshauriwa siku hizi kwa wenye kisukari cha aina ya pili na kwa wanaopunguza uzito, unafika katika Kivu kupitia zahanati na jamaa walio ng'ambo. Hauhitaji mapishi mapya. Sahani ya kawaida ya bugali na sombe ina mlima wa wanga na kijito cha mboga. Unga wa muhogo una zaidi ya gramu 80 za wanga kwa kila gramu 100, na jani halistahili kubeba lawama isiyo yake. Sahani ikigeuzwa, sombe ikawa chakula na bugali ikawa ngumi moja ndogo au ikaachwa, kazi imekwisha. Kinachobaki ni kuchunga yanayoingia chunguni. Karanga zina wanga wa kiasi na zinafaa. Unga wa kuongeza uzito wa mchuzi, au ndizi zilizopondwa ndani yake, hurudisha kile kilichoondolewa. Biringanya, nyanya, uyoga wa msituni, sambaza, mayai na jibini ya Masisi haviongezi wanga mwingi. Mgonjwa anayetumia sindano ya insulini au vidonge vya kushusha sukari hapunguzi bugali ghafla bila kumwambia daktari, kwa kuwa dawa iliyopimwa kwa sahani ya zamani inaweza kuishusha sukari kupita kiasi.

Lengalenga haitaki moto mrefu. Hukatwakatwa, hutiwa katika maji kidogo yanayochemka kwa dakika chache, maji yakamwagwa, kisha hukaangwa upesi kwa kitunguu na nyanya. Spinachi ya bustani za Masisi inafuata njia hiyohiyo na huiva mapema zaidi. Ikipikwa hunywea sana. Mwenye historia ya mawe ya figo huchagua kabeji badala ya spinachi na lengalenga zenye oksalati nyingi. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda kama wafarini hula mboga hizi kwa kiasi kilekile kila wiki, kwa sababu ya vitamini K.

Katika vijiji vya Walikale bado iko njia ya zamani kuliko sufuria. Jani pana la msituni hulainishwa juu ya moto, likatandazwa mkononi kama kikombe. Ndani hutiwa mboga iliyokatwa, chumvi, pilipili, kijiko cha mawese na samaki mdogo au uyoga. Kingo hukusanywa na kufungwa kwa kamba ya ganda la mti, na kifurushi huwekwa kando ya makaa, si juu ya ndimi za moto, kikigeuzwa mara mbili tatu. Mboga huiva kwa mvuke wake yenyewe na hakuna maji ya kumwaga. Ila sombe haipikwi hivyo mpaka iwe imetwangwa na kuchemshwa kwanza.